Nani Amemfukuza Kocha Bulat

Filimbi ya mtu mwingine ilikuwa inalia katika uwanja wake.

Frane Bulat aliisikia kabla hajavuka barabara, akaongeza mwendo. Alipofika kwenye uzio akaona kila kitu: wachezaji wa timu yake, Kornat, wanakimbia kwenye matope, koni zimepangwa, na katikati yao amesimama Travis Hobley na koti la kocha mwilini. Hobley, yule beki wa kushoto aliyekuja hapa hajui hata kurusha mpira, Frane akamfundisha mpaka akawa mtu.

"Nani kakupa hilo koti?"

Hobley akasimamisha mazoezi. Uso wake haukuwa na haya wala ubishi. "Umeamkaje, Kocha? Wako ofisini. Nenda kaongee nao."

"Nitaongea nao. Na huyo Dino mwambie asogee mbele. Golikipa gani anasimama kama anasubiri basi?"

Wachezaji wakatazamana. Golikipa akasogea hatua mbili. Mgongoni jezi yake iliandikwa Deng. Hata jezi sasa wanavaliana ovyo, Frane aliwaza, na hasira ikampanda upya.

Misimu kumi na minne alikuwa beki wa kati hapa Geelong. Mchana alifunga milango ya magari kiwandani, jioni akawafungia washambuliaji njia. Mara tisa alivaa jezi ya taifa ya Australia. Kule Auckland walimvunja pua dakika ya kumi, akacheza mpaka mwisho na pamba puani. Mpira wowote wa juu ulikuwa wake. Hata ile mipira ya ngozi, ikishalowa mvua na kuwa mizito kama tofali, aliirudisha kwa kichwa ilikotoka, mpaka Wakroatia wenzake jukwaani wakambandika jina la Nyundo. Alipostaafu akawa kocha, akaipandisha Kornat madaraja mawili. Na leo wanamtoa kama takataka, bila hata mtu wa kumwambia usoni.

Aliusukuma mlango wa ofisi kwa bega. Gary Pickett, mwenyekiti, alikuwa anaondoa vikombe vya ubingwa mezani na kuviweka juu ya kabati. Katibu, Nevenka Matas, alikuwa anamimina kahawa. Hakuna aliyeshtuka.

"Kaa, Frane," Nevenka alisema.

"Sikai. Gary, miaka kumi ulidaka nyuma yangu. Mikono yako ilivuja kama chujio, nikawa nakufichia aibu. Leo wewe ndiye wa kunifukuza mimi?"

"Ilivuja kweli," Pickett alisema.

"Usinichekee."

"Sicheki, rafiki yangu."

"Juzi tu tumewafunga wale wa Ballarat nne bila. Nne. Umewahi kuona wapi kocha anafukuzwa baada ya nne bila?"

Pickett akageukia dirisha. "Ilikuwa mechi nzuri sana ile," alisema polepole.

Upole huo ndio uliomchoma Frane kuliko tusi. Akapiga meza kwa ngumi, kahawa ikamwagika. Akawaita wanafiki. Akawaita wezi wa jasho la watu. Akawakumbusha kwamba nyavu za magoli yale alizifunga yeye kwa mikono yake, kwamba hata paa la ofisi hii alilipanda yeye kuliziba, wao wakiwa chini wanakula soseji. Nevenka alifuta kahawa kwa kitambaa, akamwacha aseme.

"Nataka jina," Frane alisema, sauti imeanza kumkauka. "Sitaki maneno ya kamati. Mtu mmoja. Nani ameamua?"

"Kamati haikupiga kura," Nevenka alisema. Akafungua droo, akampa bahasha.

Frane hakuitazama mara mbili. Aliichana vipande viwili, kisha vinne, akavitupa juu ya meza iliyolowa. "Barua za kufukuzwa wapeni vibarua. Mimi mniambie kwa mdomo."

Alitegemea watafoka. Alitaka wafoke, apate mtu wa kupambana naye kama zamani, kifua kwa kifua. Lakini Pickett alikuwa anafuta macho kwa kiganja, na Nevenka ameshainama tena kwenye droo. Akatoa bahasha nyingine, sawa kabisa na ya kwanza.

"Nimekusikiliza mpaka mwisho, si ndiyo?" alisema. "Sasa na wewe nisikilize. Kaa usome. Jina unalolitaka limo humo."

Frane akavuta kiti, akakaa, akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja, nakala ya barua iliyoandikwa kwa mkono.

*Gary na Nevenka. Siku nitakayokuja kuuliza nani amenifukuza, niacheni nifoke mpaka nichoke, halafu nipeni hii. Daktari amenionyesha picha za ubongo wangu. Ile mipira yote ya kichwa imeumaliza. Nimejiuzulu leo, na Travis nimemchagua mimi. Nikiichana barua, nipeni nyingine.*

Chini palikuwa na sahihi yake mwenyewe, na tarehe ya miaka minne iliyopita.