Nguchiro Akataa Kungojeshwa

Nguchiro alikuwa na mwana asiyeitika jina lake wala kumtazama mtu usoni. Kelele zikizidi, alijiziba masikio na kulia. Nguchiro akampeleka shuleni kwa Kongoni, mwalimu aliyependa taratibu kuliko chakula.

"Mama, ngoja madaktari wathibitishe ana nini, ndipo tumsaidie," akasema Kongoni.

"Mwalimu, mtoto akitetemeka kwa baridi, hufunikwa kwanza au huulizwa kwanza amepatwa na nini?"

Kongoni akamtengea mtoto kona tulivu, akamfundisha kwa picha. Muda si mrefu mtoto akagusa picha ya maji. Alipopewa akacheka, na mama yake akalia kwa furaha.

Baadaye Swala naye akaleta mwanawe mwenye hali kama hiyo. "Madaktari hawajasema bado," akaanza kwa woga.

"Mwingize darasani, mama," Kongoni akamkatiza. "Madaktari watatukuta tumeshaanza."