Chumba Hurudishwa Kitupu

Kwenye gesti yetu mgeni haondoki mpaka mhudumu akague chumba. Kijana aliweka ufunguo mezani, lakini kiganja chake kikabaki juu yake. Mama yake aliyekuja naye nilidhani ametangulia nje.

"Dada, nina haraka."

"Wote mna haraka, kaka. Subiri kidogo."

Mhudumu alirudi na ufagio wake. "Taulo zipo, rimoti ipo," alisema. "Na mama yake yupo. Amekaa kitandani, viatu ameshavaa. Anasema mwanawe amefuata teksi."

Teksi ilikuwa mlangoni, na begi la kijana tu ndani.

"Nilidhani ninyi mtajua pa kumpeleka," kijana alisema.

Nilimsukumia ufunguo. "Chumba hurudishwa kitupu, kaka. Panda juu ukamwambie teksi imefika."