Kishimo cha Njano

Maabarani, kishimo cha mwisho kwenye kibao cha vipimo vya damu kilikuwa kinageuka njano.

Baindu akakiinamia. Hicho hakikutakiwa kubadilika. Humo alikuwa ametia damu yake mwenyewe, damu safi ya kulinganisha na za wagonjwa wa homa ya Lassa. Na njano ina maana moja tu: mwili huu umeshapigana na virusi hivyo ukavishinda.

"Umechanganya damu, dada," mwenzake akacheka. "Leo umekuja na usingizi!"

"Mimi? Hebu nipishe."

Akarudia kipimo. Njano ile ile, ya embe lililoiva.

Akampigia mama yake, kijijini. "Mama, Lassa ilipomuua dada, mimi sikuugua?"

"Kijoto kidogo tu, mwanangu. Mlilala mkeka mmoja, hata uji aliouacha ukaumaliza wewe. Ndiyo maana shangazi yako akasema…"

"Najua alichosema."

Kwamba mtoto huyu ni mchawi, amemla dada yake. Tangu siku hiyo shangazi hajawahi kutia mkono kwenye bakuli moja naye; humpakulia kwenye bakuli la peke yake.

Baindu alikitazama kile kishimo, kidogo kama punje ya mahindi, mpaka akajikuta anatabasamu. Kisha akapiga simu nyingine.

"Shangazi, Jumapili nakuja. Nipikie wali na majani ya muhogo."

"Karibu. Bakuli lako lipo, nimekutunzia."

"Mpe jirani, shangazi. Jumapili tunakula kwenye lako."