Kengele ya Baba

"Nusu saa tu, Baba. Usipige kengele."

"Hata nikifa?"

"Ukitaka kufa, ningoje kwanza nimalize."

Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule ambao kiharusi hakikuugusa. Latrice akafunga mlango, akaketi mbele ya kompyuta. Nje, theluji ya Cleveland ilikuwa ikianguka tangu asubuhi.

Chuo kilichomnyima nafasi mwaka jana leo kilikuwa kinamsaili. Shahada ya uuguzi, ile ya haraka kwa wenye shahada nyingine tayari, iligombewa na mamia. Hakukuwa na mtu wa kuongea naye. Kompyuta ilitoa swali, naye alitakiwa kujibu huku akijitazama usoni. Ukinyanyuka, umejitoa.

Swali la kwanza likatokea: "Tueleze siku uliyoacha shughuli zako kwa ajili ya mgonjwa."

Jibu alikuwa amelikariri. "Ninamuuguza baba yangu," alianza.

Kengele ikalia chumba cha pili.

"Amenifundisha kusikiliza," aliendelea. Kengele ikalia tena, safari hii kwa pupa. Latrice alilitazama shavu lake kwenye skrini. Halikutikisika. Aliongea kuhusu huruma, kuhusu kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda. Alingoja woga umjie, haukuja.

Kengele ilianguka sakafuni, ikabingirika, ikatulia.

Muda wa jibu uliisha. Kwenye skrini, uso wake ulikuwa bado unatabasamu.

"Uko tayari kwa swali la pili?" kompyuta iliuliza.

Akabonyeza ndiyo.