Akidi ya Watu Saba

Bahati nasibu ya serikali ilinichagua mimi, Zawena wa darasa la saba, kuwa raia wa kawaida pekee kwenye Baraza la Mawakili, linalosikiliza malalamiko dhidi ya mawakili. Wengine sita ni mawakili. Vikao nahudhuria jikoni, kwenye skrini ya ukutani, na kujiuzulu ni kosa.

Leo lalamiko la mama yangu limesomwa kwa mara ya tisa. Wakili wake amekalia hati ya shamba letu tangu mwaka juzi.

"Mjumbe Zawena, mlalamikaji ni nani wako?" mwenyekiti akauliza.

"Mama yangu. Si unajua, mwenyekiti?"

"Basi utatoka."

Nikatoka. Wakabaki sita, na akidi ni saba. Kikao kikaahirishwa.

"Siku ya lalamiko la mama si mumweke mtu mwingine?" nikauliza niliporudi.

"Hilo litaamuliwa na kikao chenye akidi."

Mama alikuwa anachambua mchicha. "Wasomi wako hao wanajua kuhesabu tu," akasema, akajifunga khanga na kutoka.

Alirudi jioni na karatasi ya ofisi ya vizazi. Alikuwa amenifuta kuwa mwanawe.

"Mama, inarudishika hii?"

"Sikuuliza. Foleni ilikuwa ndefu."

Kikao kilichofuata mwenyekiti aliuliza tena, nami nikajibu kwamba mlalamikaji si ndugu yangu. Skrini ikapekua daftari la taifa, ikakubali. Tukawa saba. Mama akavuta kigoda, akaketi mbele yangu ili aamkie wajumbe, kama walalamikaji wote wanavyotakiwa.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema.

Wote sita walikuwa wananingoja niitikie.