Ini Lenye Ulimi

Ukutani kwa Bi Shemsa, mahali ambapo watu wa zamani walitundika picha za harusi, palikuwa na picha ya ini la bintiye, Ramla. Sheria ilikuwa moja: haozwi mtu ila kwa mwenye ini la umbo kama lake, ili mmoja akiugua, mwenzake amkatie kipande. La Ramla lilikuwa na ulimi mrefu ulioshuka upande wa kulia. Si ugonjwa, madaktari walisema, ni maumbile tu. Lakini wenye maini ya namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi, na kila mshenga aliyekuja aliutazama ukuta ule, akanywa chai, akaaga.

Siku hiyo wageni walikuja na picha yao. Zikawekwa sambamba mezani. Ulimi kwa ulimi! Bi Shemsa akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia.

Sahani ya sambusa ikapita. Ramla alipochukua moja, mama wa mposaji akaiondoa taratibu mkononi mwake, akampa kipande cha tango.

"Mafuta hapana, mwanangu. Tutunzie hilo ini."

"Na bwana harusi mwenyewe, mbona hakuja?" Bi Shemsa akauliza.

"Amelazwa kidogo," mgeni akajibu. "Ndiyo maana tungependa harusi iwe Ijumaa hii."

Kisha akapitisha mkono ubavuni mwa Ramla, akabonyeza polepole, kama mtu anayechagua papai sokoni.

Bi Shemsa aliona. Akamwongezea chai.