Bunduki ya Baba

Baba yao alipofariki, bunduki yake ilikwenda kwa Lusinde, kitinda mimba, ingawa aliyejua kuitengeneza ni Mbwilo. Mwaka wa tatu sasa jambo hilo lilimkaa Mbwilo kooni.

Asubuhi hiyo Lusinde aliileta. Kishikilio cha darubini kilikuwa kimepinda, risasi zilikwenda kushoto, na bondeni kulikuwa na nyati aliyeua watu wawili.

Mbwilo alikaza skrubu tu, hakukinyoosha.

"Tayari, kaka?"

"Tayari."

"Basi siijaribu. Mkono wako naujua." Lusinde akaitia begani, akatoka kwa mwendo uleule wa baba.

Mbwilo akachukua koleo ya kunyooshea kishikilio. "We Lusinde! Irudishe hapa!"

Lusinde akageuka, akaushika ukanda wa bunduki kwa mikono miwili.

"Ni yangu, kaka," alisema.